Samaki ao Nyundo

Yaya wangu alikuwa na kichwa kigumu, na kuhusu Nyundo hakuna mtu aliyeweza kumtoa pale alipokaa. Nyundo ndiye mkubwa, alisema. Kati ya wanaume wote waliowahi kubeba ule mpira wa Wamarekani, ule wenye umbo la papai, na kukimbia nao kifuani huku timu nzima inataka kumvunja mbavu, hakuna aliyemfikia Nyundo. Mimi nilisema Samaki. Nilisema asubuhi pale bombani, nikasema mchana nikisonga bukari, ugali wetu, nikasema jioni tukitwanga sombe, majani ya mihogo, mlangoni. Ukidhani wanawake wawili wa Katuba, mtaa wetu, hawawezi kununiana siku nzima kwa sababu ya mpira wa Marekani, basi hukutujua.

Yaya hakuwa wa tumbo moja na mimi. Alikuwa jirani, mlango wake unatazamana na wangu katika parseli moja, kiwanja kimoja chenye wapangaji wachache na bomba moja la maji. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye akaniita mudogo. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai zamani za wazungu, kwa ajili ya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Lubumbashi, akabatizwa hapa, akaolewa hapa na mwanaume wa reli ambaye habari yake ilikuwa hiyo hiyo. Kasai hakuwahi kuikanyaga. Mimi ni mtu wa hapa kabisa. Babu zangu walilima mihogo mahali ambapo baadaye palichimbwa shaba. Mambo ya nani katoka wapi tulikuwa nayo kwenye utani tu. Yeye alisema watu wa hapa tunaweza kulala hata tukiwa tumesimama kwenye foleni. Mimi nilimjibu kwamba watu wa kwao wanavaa viatu vizuri hata kwenda chooni. Tukacheka, tukaendelea kutwanga.

Sasa, mpira wa Marekani ulifikaje Katuba? Yaya alikuwa akifua na kupiga pasi kwa bwana na bibi mmoja Wamarekani, watu wa misheni, waliokaa mjini. Mwaka wa uporaji, askari walipovunja maduka na raia wakamalizia milango na mabati, wale Wamarekani waliondoka haraka kuelekea Kasumbalesa, wavuke Zambia. Gari lilijaa mpaka juu. Kilichokosa nafasi ni katoni moja ya kaseti za video, na yule bibi akamwachia Yaya huku akimkumbatia na kulia. Yaya akaibeba kichwani mpaka nyumbani, kwa miguu, mchana kweupe, katikati ya watu waliokuwa wakikimbia na magunia ya unga, viti vya ofisi na mafriji. Hakuna aliyemuuliza kitu. Siku hiyo kila mtu alikuwa na mzigo.

Bwana yake alikuwa na mashine ya kaseti aliyoachiwa na Mbelgiji mmoja wa reli. Na kwa kuwa kaseti zilitoka kwa watu wa misheni, sote tuliamini ni filamu za Yesu. Jumapili, baada ya ibada, parseli nzima ilikusanyika nyumbani kwa Yaya. Mwenye parseli, mzee wa kanisa, alikuja na koti na tai. Tukaimba wimbo mmoja kwanza, ndiyo, tuliimba! Halafu picha ikatoka, na tukaona wanaume wenye kofia za chuma wanapigana vichwa. Mzee akangoja, akangoja, akasogeza kiti karibu, mwishowe akauliza kwa sauti ya heshima kabisa:

"Huyu mwenye kukimbia, njo Herode?"

Jamani! Tulicheka mpaka Yaya akatoka nje kutafuta hewa. Mzee alikasirika, akaondoka na tai yake. Lakini Jumapili iliyofuata alirudi, bila tai.

Mashine ilikuwa ya Ulaya, kaseti ni za Marekani, hazikupatana. Rangi hazikutoka. Watu wote walikuwa wa kijivu, na kila mara picha ilipanda juu ikajirudia chini, mpaka uipige mashine kofi ubavuni. Watangazaji waliongea Kiingereza cha haraka ambacho hakuna mtu katika parseli aliyekielewa. Kwa hiyo majina ya wale wachezaji hatukuyajua, na mpaka leo siyajui. Tuliwapa majina sisi wenyewe. Mume wangu, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba wakati kiwanda kilikuwa bado kiwanda, alitazama mara moja tu akasema: "Mupira gani ya miguu, na hakuna mwenye kuupiga na muguu? Bote beko bazimu." Hakurudi tena kutazama.

Mwalimu wetu alikuwa Yaya. Miaka yote akipiga pasi kule mjini, yule bwana Mmarekani alikuwa akitazama kaseti zake katika chumba hicho hicho, na kwa kuwa mke wake hakupenda, alimweleza Yaya. Timu inapewa nafasi nne za kusogea mbele kiasi fulani. Ukishindwa, unanyang'anywa mpira. Ndiyo maana wanaingia wazee wenye mnyororo, wanaupima uwanja kama watu wa serikali wanavyopima parseli. Na kazi ya yule mbebaji ni ngumu kuliko zote: anapewa mpira mkononi, kwa karibu, tumboni, na mbele yake hakuna njia. Njia lazima aifanye.

Samaki aliifanya kwa kuikwepa ile hatari. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na akipokea mpira alisimama kidogo, kidogo tu, kama mtu anayesahau alikokuwa anakwenda. Halafu hayupo. Ulimwona mlinzi anakumbatia hewa. Kuna mahali, katika kaseti yenye karatasi iliyochanika, alikimbia kwanza kurudi nyuma, akazunguka uwanja mzima, akateleza, akashika nyasi kwa mkono mmoja, akainuka, na wote wakabaki wanatazamana. Nilipoiona mara ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu.

Nyundo alikuwa mfupi, shingo hakuna, mapaja kama vinu. Yeye hakukwepa mtu. Alimtafuta. Alipewa mpira, akainamisha kichwa, akaingia pale palipo na watu wengi zaidi, na wewe unasema basi, amekwisha. Wanamwangukia wanne, watano. Halafu lile rundo linaanza kusogea. Polepole, linasogea! Refa anapuliza, wanatolewa mmoja mmoja, na Nyundo yuko chini kabisa, mpira kifuani, amelala kuelekea mbele.

"Umeona?" Yaya alikuwa akisimama. "Ameangukia mbele! Hata siku moya haangukie nyuma."

"Hatua mbili tu, Yaya. Mateso yote ile juu ya hatua mbili."

"Hatua mbili yake iko yake. Ule Samaki wako anakimbia juu ya kuogopa."

"Na kuogopa iko mubaya? Mwenye haogope njo ule banamuvunja."

"Toka kwangu! Toka na Samaki yako!"

Nilitoka kweli. Nikavuka ua, nikaingia kwangu, nikafunga mlango kwa kishindo. Kabla sijakaa, nilimsikia anaita kwamba chumvi yake imekwisha, na mimi nikampelekea chumvi, na tukaanza upya. Yeye alikuwa na hoja zake na hakuna hata moja aliyoipunguza. Samaki siku mbaya anarudisha timu nyuma, alisema. Samaki, wenzake wakichoka, anaonekana mbaya; Nyundo hata peke yake anasogea. Mimi nikamwambia kazi ya mbebaji ni kufika, siyo kuteseka; kama mateso ndiyo ukubwa, basi mkubwa wa Lubumbashi nzima ni punda wa mwenye kuuza makala ya kupikia. Akanirushia kijiko.

Siku umeme ulipokatika, na wakati ule ulikatika sana, tulicheza wenyewe. Yaya alichukua papai, akalibana kifuani, akasema yeye ni Nyundo, na sisi wanawake wa parseli tumzuie asifike pale bombani. Alitukokota. Kitambaa kimemtoka kichwani, kitenge kinataka kufunguka, bado anakokota watu huku anacheka na kututukana. Zamu yangu ilipofika nilimkwepa mke wa mwenye parseli, nikamkwepa jirani wa nyuma, nikajikwaa kwenye mbabula, lile jiko la makala. Papai lilipasuka, tukalila hapo hapo na mavumbi yake. Hatukuwa na kitu: mishahara hailipwi, shule zimefungwa, noti mpya inatoka asubuhi na jioni hainunui hata mkate. Lakini tulikuwa sote.

Halafu maneno yakabadilika. Yalianzia kwa wakubwa, kwenye mikutano, kisha yakashuka mitaani: kwamba taabu yote hii imeletwa na watu wa Kasai, kwamba wamekula kazi za wenyeji, kwamba warudi kwao. Tukasikia kwamba Likasi na Kolwezi watu wametolewa kwenye nyumba walizojenga wenyewe na sasa wanalala gare, stesheni ya reli, na watoto wao wakingoja treni. Kwanza tulisema ni huko. Baadaye vijana wa barabara yetu, ambao Yaya aliwakaangia vitumbua tangu wakitambaa, walianza kumwimbia nyimbo akipita na ndoo. Yeye alipita nao katikati, kichwa juu, ndoo juu ya kichwa, haangalii kushoto wala kulia. Nilijua anafanya nini. Alikuwa Nyundo.

Bwana yake alitaka waondoke. Wakati huo treni ya abiria ilikuwa bado inatembea, treni yenye viti na madirisha, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa reli, angepata nafasi kwa mke wake na binti yao. Yaya alikataa. Kila jioni tuliwasikia wanabishana, yeye kwa sauti ya juu, bwana yake kwa sauti ya chini. Alisema hapa pana makaburi ya baba na mama yake, na hatayaacha kwa sababu ya watoto wenye kelele.

Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, alikuwa anakaa na wale vijana. Alikuja kwangu asubuhi moja, macho mekundu, akaniambia nimwambie jirani yangu atoke haraka, maana barabara yetu imekwisha kutajwa. Hakutaka kusema zaidi. Nilivuka ua. Yaya alikuwa amechuchumaa kwenye mbabula, anapuliza makala. Sikujua nianzie wapi, mimi mwenye mdomo. Nikaanzia kule tulikozoea.

"Yaya, kwa hii, fanya sawa Samaki. Toka mapema, mbele bakuguse. Treni ingali na viti. Mwende kwenu kwanza, mambo itatulia, mutarudia."

Aliacha kupuliza. Aliinua uso wenye majivu.

"Kwetu wapi?"

"Yaya, sisemi vile…"

"Kwetu iko hapa pa mulango. Hata weye, mudogo? Hata weye unanifukuza?"

Niliapa. Nilimwambia kuhusu shemeji, nilimwambia naogopa, nilimshika mkono, akautoa. Mimi nina hasira za haraka, na nilipoona hasikii nikampigia kelele kwamba kichwa chake kitawaua. Akainuka, akachukua mbabula yake na moto wake, akaingia nayo ndani ya nyumba. Kuanzia kesho yake alinisalimia, hakuacha kunisalimia. "Jambo, mama." Mama, kama unavyomsalimia mtu wa kwenye soko. Neno mudogo sikulisikia tena, na hakuna tusi ambalo lingeniumiza hivyo.

Walikuja siku ya jua kali, baada ya chakula, vijana wengi wenye fimbo na chupa. Mwenye parseli alisimama mlangoni mwa Yaya na mikono wazi, mzee wa watu, akiwasihi kwa majina ya baba zao. Wakamsogeza tu, kama kiti. Hawakumpiga mtu siku hiyo, namshukuru Mungu, lakini walitoa vitu vyote nje na wakasema ikifika jioni wasiwakute. Mume wangu alibeba godoro lao kichwani mpaka gare, na hakuna aliyethubutu kumgusa, maana alikuwa analia na alikuwa mkubwa wa mwili. Yaya alitembea nyuma yake pamoja na bwana yake na binti yao, wamebeba sufuria. Nilitembea nyuma ya Yaya. Hakugeuka.

Treni ya viti ilikuwa haitembei tena. Watu walijaa gare na nje ya gare, chini ya maturubai, kwenye matope, maana mvua zilianza. Walikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyodhani binadamu anaweza kukaa. Kila nilipoweza niliwapelekea bukari na samaki wakavu. Yaya alipokea sahani kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mgeni. "Aksanti, mama." Bwana yake alikuwa ameanza kukohoa.

Kisha mabehewa yakaja, yale ya wazi, ya kupakia mawe ya migodi. Watu walipanda kwa kusukumana. Nilimwona Yaya juu kabisa, amekaa juu ya mizigo, kitambaa cha bluu kichwani, binti yake katikati ya magoti. Sikuweza kumfikia. Treni ikaanza kuvuta. Watu wote walikuwa wanaita majina, wanalia, wanaomba, na mimi sikuona kama neno la kuaga lingemfikia au angelipokea. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba anijibu kama zamani. Nikakusanya sauti yangu yote:

"Samaki! Yaya, iko Samaki!"

Nilingoja aseme Nyundo. Angesema Nyundo ningejua bado tuko watu wawili wa mlango kwa mlango. Alinisikia, najua alinisikia, maana aligeuza uso akanitazama moja kwa moja. Halafu akaugeuza upande wa pili, na treni ikampeleka.

Miaka ikapita, na ilipita vibaya. Vita ilikuja, rais akakimbia, nchi ikabadilishwa jina, vita nyingine ikaja juu ya ile. Kiwanda kikanyamaza, mume wangu akazeeka kwa kukaa. Mashine ya kaseti, ambayo bwana wa Yaya alituachia, iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Nilijaribu kubishana na majirani wapya juu ya Samaki. Waliniangalia kwa huruma. Nani utabishana naye kama hakuna anayejua mnyororo ni wa nini? Nilikuwa nikitwanga sombe na kumsemea Yaya maneno yake, kisha najijibu yangu, na kila mara niliishia pale pale gare. Je, alifika? Na kama alifika, bado anaamini nilimfukuza? Nilitaka kujua mambo hayo mawili kabla sijafa, na la pili ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Katika kanisa letu alikuja kusali mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mtu wa Kivu ya Kaskazini, mpole, mwenye kuuza kwa jumla sabuni, mafuta na vitenge. Magari yake yalichukua bidhaa Kasumbalesa, na yeye mwenyewe alipanda treni na mizigo mpaka Kasai. Mwanamke mmoja wa kwaya alikuwa amesema kwamba kule Mwene-Ditu, huko Kasai, karibu na gare, kuna mama anayekaanga vitumbua na kuongea Swahili ya kwetu, mwenye ukali. Nikamfuata yule mfanyabiashara mpaka kwenye depo yake.

"Mama," akaniambia, "waliotoka huku wote wanaongea Swahili ya huku. Na wenye kukaanga vitumbua pale gare ni wengi. Wote wakali. Nitamjuaje?"

"Utamuuliza swali. Umuulize: nani mukubwa, Samaki ao Nyundo?"

"Ni biashara ya samaki?"

"Si biashara ya kitu. Ni watu."

"Watu gani wanaitwa hivyo?"

Ikabidi nimweleze, katikati ya magunia, mambo ya kaseti na kofia za chuma na wazee wa mnyororo. Alisikiliza kwa uvumilivu wa Kikristo. Mwishowe akasema, "Na jibu ni nini?" Nikamwambia jibu ni Nyundo. Mwanamke yeyote atakayeacha kazi yake na kusema Nyundo kwa hasira, ndiye. Akaahidi.

Alirudi mvua zikiwa zimeisha. Hakunituma mtu, alikuja mwenyewe mpaka Katuba, akakaa kwenye kiti changu, akaomba maji, na alivyokunywa polepole nikaanza kumchukia.

"Nimempata," akasema. "Nilimuuliza kama ulivyonituma. Mama, aliacha mafuta yakaungua. Alikaa chini, pale pale kwenye mchanga. Halafu akasema hivi: Samaki. Mwambie mudogo wangu ni Samaki. Alikuwa na haki, alisema kweli."

"Si yeye," nikasema.

"Mama."

"Si yeye! Umekosea mutu. Yaya wangu hawezi kusema vile hata umuchome na moto. Umeuliza mwanamuke mwengine, amekuambia jambo la kukufurahisha umununulie vitumbua!"

Nilikuwa nimesimama. Yeye alibaki amekaa, kofia magotini, akangoja nimalize.

"Bwana yake hakufika," akasema. "Treni ilikaa Kamina siku nyingi, mvua juu yao, na kile kifua chake hakikuweza. Walimzika pale, karibu na reli. Mama yule alisema, kama wangetoka na treni ya viti, siku ile ulipomwambia, bwana yake angekuwa hai. Alisema alikusikia gare. Kila kitu alikisikia. Hasira ilimziba mdomo, na tangu siku hiyo amekuwa akitafuta mtu wa kukuletea jibu."

Nilikaa. Basi hakuwa ameniona kama mmoja wa waliomfukuza. Alijua niliogopa kwa ajili yake. Jambo nililolilia miaka yote nilikuwa nimeletewa mlangoni, likiwa zima, na nilimshukuru Mungu hapo hapo, kwa sauti. Lakini furaha haikukaa hata kidogo. Nilimwona Yaya kwenye ule mchanga, Yaya wa kichwa juu na ndoo juu ya kichwa, anakubali. Anasema mudogo alikuwa na haki. Mimi nilitaka haki ya nini? Nilimtaka yeye, na kelele zake, na kijiko chake kikipita karibu na sikio langu. Ningejua kwamba ushindi unafanana hivi, nisingefungua mdomo hata Jumapili moja. Nililia mbele ya mgeni bila kujifunika, na yeye, mtu mwema, akaangalia nje uani.

Nilipomaliza nikamuuliza safari yake nyingine ni lini. Akasema wiki ile ile, kama treni inatembea.

"Basi umupelekee maneno. Umuambie, mudogo wako anakatala. Anasema hapana Samaki. Iko Nyundo."

Yule mfanyabiashara akanitazama kama mtu aliyechoshwa na wanawake wa Katanga na wa Kasai pamoja.

"Mama, sasa mmebadilishana. Yeye anasema Samaki, wewe unasema Nyundo. Nimwambie nani ana haki?"

"Umuambie miye nimeshindwa," nikasema. "Yeye hajapata kunisikia nikisema vile. Akuye huku Katuba, anisikie."